Shangazi, Jumamosi Tunaenda Kuchukua Karavani Mpya: Tuangalie Nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, tuna watoto watatu. Miaka miwili tumekuwa tunaweka hela kidogo kidogo tupate karavani, ile nyumba ya likizo inayovutwa na gari, maana hoteli ya watu watano likizo ya shule hailipiki. Sasa alhamdulillahi tumeipata, mpya kabisa, Jumamosi ijayo tunaenda kuichukua kwa muuzaji upande wa Hull. Wametwambia tutenge saa moja, watatuonyesha kila kitu halafu tunasaini tunaondoka nayo. Shangazi, sisi hatujawahi hata kulala ndani ya karavani. Tuangalie nini?
Mama wa Watatu, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni sana, watoto wenu watafurahi mpaka mchoke wenyewe. Huko Hull ndiko kwenyewe, karavani nyingi za hapa Uingereza zinatoka huko, watengenezaji kama Coachman wapo Hull na Swift wapo Cottingham hapo pembeni.

Sasa jambo la kwanza kabla ya yote, piga simu leo uwaambie saa moja haitoshi, mnataka saa tatu, na mnataka asubuhi. Usione haya. Hela ni yenu na nyingi. Na watoto waacheni kwa shoga yako kama inawezekana, manake mtoto akianza kulia njaa wewe utasaini chochote ili muondoke.

Nakwambia hivi kwa sababu yetu ya kwanza tuliichukua mwezi wa Novemba, mvua inanyesha, saa kumi jioni giza lishaingia, kijana wa kutukabidhi ana mteja mwingine anamsubiri nje. Akawa anafungua kabati anafunga, hii hita, hii friji, hii pampu, na sisi tunaitikia ndio, ndio, nusu saa tushasaini. Tumefika saiti usiku, yaani pale pa kuegesha karavani na kulala, tumejaza maji, tumewasha pampu, pampu inanguruma tu na bombani hakuna hata tone. Mume wangu akatoka na tochi akakuta maji yote yanamwagika chini ya karavani kwenye kijibomba cha sakafuni. Tukadhani bomba limepasuka. Tukalala bila maji, watoto tukawanawisha kwa chupa za maji ya kunywa. Asubuhi mzee mmoja jirani yetu wa saiti akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi, akafungua kabati la chini ya kitanda, akageuza kijiti cha njano kisichozidi kidole changu, na maji yakaacha kumwagika. Kumbe ile ni valvu ya kumwagia maji ya boila wakati wa baridi, muuzaji huwa anaiacha wazi ili boila isigande, na ilitakiwa tufunge. Kijana wala hakutuficha, alituonyesha kwa kidole, ila kuonyeshwa na kufanya mwenyewe ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo nataka Jumamosi ufanye hivi: kila kitu atakachokuonyesha, mwambie asante, sasa nipishe nifanye mimi. Wewe unafanya, mume wako anarekodi video kwa simu, na yule anayewakabidhi aongee huku simu inarekodi. Hiyo video mtaiangalia saa tano usiku saiti na mtamwombea dua aliyewaambia mrekodi.

Tuanze na hayo maji basi. Waambie wajaze maji kabisa, wasikwambie tu hapa ndipo yanapoingia. Nyingi zinatumia pipa la kuviringisha la lita 40 linalokaa nje, na pampu ya kuzamisha unaichomeka ubavuni. Fungua bomba la jikoni, la chooni, la kuogea, moto na baridi, uache yatiririke, halafu piga magoti ufungue makabati yote ya chini upitishe kitambaa cha karatasi kavu kwenye kila kiungio cha mpira. Karatasi ikilowa hata kidogo, fundi aitwe hapo hapo. Hata karavani mpya inaweza kuvuja hapo kwenye viungio. Kisha uliza hiyo valvu ya boila iko wapi, uifungue na kuifunga mwenyewe mara mbili. Kuna boila ambazo valvu yake inajifungua yenyewe joto likishuka kama digrii 3, na haikubali kufungwa mpaka mahali pale pafike kama digrii 7, kwa hiyo mkienda mwezi wa pili washeni hita kwanza, karavani ipate joto, ndo mjaze maji. Na lita 40 kwa watu watano wanaotawadha mara tano na kutumia maji chooni haifiki hata mchana, nunueni pipa la pili.

Friji ndo watu wanadanganyika nayo. Taa ikiwaka wanasema inafanya kazi. Friji ya karavani haiwahi kupoa kama ya nyumbani, inataka masaa, kwa hiyo kwenye ile simu waambie waiwashe tangu usiku wa kuamkia Jumamosi, ukifika wewe ufungue mlango utie mkono kwenye frizani, baridi uisikie. Halafu waigeuze kwenye gesi uone inashika moto. Kwa kawaida ina njia tatu, umeme wa saiti, gesi, na umeme wa gari ambao unafanya kazi gari likiwa linatembea tu, injini imewaka.

Umeme: ule waya mrefu wa rangi ya machungwa, kawaida mita 25, uliza kama umo kwenye bei. Uchomeke mwenyewe, nenda kwenye kisanduku cha swichi bonyeza kitufe cha majaribio uone umeme unakatika, ukikatika ndo salama. Na mkiutumia saiti uukunjue wote hata kama nguzo ya umeme iko hapo mlangoni, ukiuacha umeviringika huku hita inavuta moto unayeyuka. Betri ya ndani uliza mapema maana wauzaji wengi hawaitoi, unafika unaambiwa betri ni juu yako, vilevile mtungi wa gesi. Mtungi mwekundu ni propeni, wa bluu ni byuteni, na byuteni ikifika baridi ya sifuri haitoi kitu, kwa nchi hii chukueni mwekundu.

Hapa kwenye gesi mnisikilize vizuri. Washa majiko yote, oveni, hita, kimoja kimoja. Bonyeza kengele ya moshi, bonyeza na kengele ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, zilie zote mbili. Utaona matundu kwenye sakafu na kwenye kabati la mitungi, baridi inapita hapo na utatamani uyazibe na zulia. Usizibe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini itokee hapo. Na jingine ambalo kijana wa Hull hatakwambia kwa sababu halijui: jiko la mkaa lisiingie ndani ya karavani wala ndani ya hema la ubavuni, hata mkaa ukiwa umebaki majivu mekundu tu, hata kama mvua inanyesha na mishikaki haijaiva. Sisi tumekulia kwenye majiko ya nje na nyumba zenye upepo. Karavani ni sanduku. Hiyo kaboni monoksaidi ya mkaa hamtaiona, harufu hamtaisikia, mtasinzia tu. Nawaomba kama mama yenu, mishikaki iachwe mbichi.

Nje zunguka taratibu, ukiweza jua likiwa la ubavuni maana ndo mikwaruzo inaonekana. Madirisha ni ya plastiki ngumu, si kioo, yanachunika haraka, fungua kila moja hadi mwisho ufunge, utelezeshe na pazia na wavu wa mbu wa kila dirisha. Angalia gundi nyeupe ya kwenye viungo vya pembe na kuzunguka kile kidirisha cha darini, isiwe na mapengo. Siku hiyo ikinyesha mvua msikasirike, ni bahati, mtaona kama inavuja. Ndani funguka funguka makabati yote, vuta vitanda vyote kama mnaenda kulala kweli, mume wako alale chali kwenye kile kikubwa. Kaseti ya choo itoe nje uirudishe. Haya hayana mambo mengi, ila yafanye yote.

Tairi: utakuta namba nne zimeandikwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, mfano 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Karavani inaweza kukaa yadi muda mrefu. Uliza stepni iko wapi na jeki ipo au haipo, mara nyingi jeki haipo, na ile miguu minne ya pembeni si jeki, ni ya kutuliza tu isitikisike mkishaegesha, ukiinulia karavani kwa miguu ile unapinda sakafu. Nati za magurudumu zimekazwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu chake, nunueni spana ya kipimo, na mkishakwenda kama kilomita 50 simameni mzikaze tena. Hilo la nati mpya kulegea si hadithi, gurudumu linatoka kweli.

Kuunganisha na gari, hapo mume wako ndo ashike kila kitu kwa mkono wake. Ule mpira wa chuma nyuma ya gari kama ni mpya una rangi, na kama ni wa zamani una grisi, na vyote viwili havitakiwi kama karavani yenu ina kichwa cha kutuliza kuyumba, hizo za kampuni ya AL-KO na kadhalika, kwa sababu pedi zake zinashika chuma kikavu. Piga msasa kidogo uifute mpaka kitambaa kitoke kisafi. Kichwa kikikaa sawa kuna kidude cha kijani kinachomoza. Usikiamini peke yake: zungusha kigurudumu cha mbele kama unainua karavani, ukiona na matako ya gari yanainuka pamoja nayo basi imeshika. Halafu kigurudumu kipande juu kabisa na kukazwa. Kuna waya mwembamba wa chuma, huo ndo wa kufunga breki za karavani kama ikikatika na gari, una mahali pake pa kushikizwa kwenye ndoano ya gari, muoneshwe mahali hapo. Plagi za siku hizi zina pini 13, gari la zamani lina plagi mbili, hakikisheni mna adapta kabla hamjatoka Leicester. Kisha wewe simama nyuma, yeye akanyage breki, indiketa kushoto, kulia, taa za ukungu, rivasi. Na kibao cha namba ya gari lenu, cha njano, kiwe kimebandikwa nyuma ya karavani, wengi wanakisahau nyumbani.

Uzito. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapoua. Pembeni ya mlango kuna kibao chenye MTPLM, huo ni uzito wa mwisho ambao karavani ikiwa na kila kitu ndani haitakiwi kuupita. Kwenye karatasi kuna MIRO, uzito ilivyotoka kiwandani. Ukitoa moja kwenye nyingine ndo unapata mzigo wenu. Tuseme 1,300 toa 1,150, mna kilo 150. Unaona nyingi? Betri kilo 25, hema la ubavuni na vyuma vyake 25, ile mashine ya kusogezea kwa rimoti kilo 30 na ushei, hapo mmebakiwa na kilo 70 za watu watano, nguo, vyombo, mashuka. Mimi nawajua nyie, mtatia mfuko wa mchele wa kilo 10, sufuria ya pilau, mbuzi ya nazi, na dumu la mafuta. Chakula kizito kipandeni ndani ya gari, lakini na gari lina kikomo chake, msome. Vilivyobaki viwekeni chini, usawa wa magurudumu, si nyuma kabisa, nyuma ikielemewa karavani inaanza kuchapa mkia kwenye motowei, na ikianza hivyo mguu utoke kwenye mafuta taratibu, usukani wima, asikanyage breki kwa nguvu. Pua ya karavani pale inapokaa kwenye gari iwe kama asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote, kwa 1,300 ni kilo 65 hadi 91, ila gari nalo lina kikomo chake hapo, magari mengi ni kilo 75, kidogo ndo kinachofuatwa. Mizani yake haina bei kubwa. Kwa wanaoanza ushauri wa hapa ni karavani isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu, kwa hiyo ya 1,300 inataka gari la kilo 1,530 hivi. Na angalieni kitabu cha gari, kuna magari madogo na ya hybrid ambayo mtengenezaji hakuyaruhusu kuvuta chochote.

Karatasi ndo mwisho. Namba ya karavani ina herufi na tarakimu 17, imechorwa kwenye madirisha, ipo kwenye chesisi na kwenye cheti cha CRiS, yaani daftari la usajili wa karavani la hapa, zisome zote kwa sauti zifanane. Chukueni funguo za akiba, na kama mmenunua kufuli ya gurudumu ifungeni pale pale yadi muone inaingia, muandike namba ya ufunguo wake. Kasoro yoyote mliyoiona iandikwe kwa tarehe ya kutengenezwa, na yeye asaini, ndipo na nyie msaini.

Na usiku wa kwanza, mwanangu, msikimbilie Leicester. Laleni saiti ya jirani, dakika 20 kutoka kwa muuzaji, mtumie kila kitu, mpike, muoge, muwashe hita. Kitakachogoma mnarudi Jumapili asubuhi kama wapo wazi.

SWALI: Shangazi, mimi leseni ya hapa nilipata mwaka 2009. Kaka yangu anasema bila mtihani wa trela siruhusiwi kuvuta karavani kubwa, kweli?
Msomaji wa Reading

JIBU: Ilikuwa kweli zamani. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, hapo Uingereza mwenye leseni ya gari ya kawaida aliyefaulu kuanzia Januari 1997 anaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine, ila gari lako liwe linaweza. Lakini kuruhusiwa si kujua. Zile klabu mbili kubwa za karavani zina kozi za kufundisha kurudi nyuma na kupinda, nenda siku moja. Na kumbuka spidi zako zinabadilika, maili 50 barabara za kawaida, 60 motowei, na kwenye motowei ya njia tatu ile ya mwisho kulia si yako. Karavani ikiwa pana kuliko gari, ununue vioo vya kurefusha, ni lazima.

SWALI: Tumechukua karavani mpya wiki tatu zilizopita. Mlango wa bafu haufungi na hita inazima yenyewe usiku. Muuzaji anasema warsha imejaa, tusubiri miezi miwili. Shangazi tufanyeje?
Baba Mdogo, Coventry

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hesabu siku kwanza, leo kabla hujala. Sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu ulipoichukua kuirudisha kitu chenye kasoro na kudai hela yako yote. Wewe umebakiwa na siku chache, na maneno ya simu ni vigumu kuyathibitisha, andika imeili leo, taja tarehe uliyoichukua, taja hita, weka video, sema unahifadhi haki yako ya kuikataa. Mlango wa bafu peke yake nisingeugombania hivyo, ila hita ya usiku na watoto ndani ni jambo jingine. Siku 30 zikipita hujapoteza kila kitu, wana nafasi moja ya kutengeneza, ikishindikana ndo unadai kurudisha au kupunguziwa, na ndani ya miezi sita ya mwanzo kasoro inahesabiwa ilikuwepo tangu mwanzo mpaka wao wathibitishe vingine. Kama ulilipa hata amana tu kwa kredit kadi, na bei yake ni zaidi ya paundi 100 na haizidi 30,000, benki nayo inawajibika pamoja na muuzaji, wapigie.

SWALI: Sisi uwezo ni wa mtumba tu, kuna mtu binafsi anauza ya miaka kumi. Tusijetapeliwa.
Dada wa Northampton

JIBU: Mtumba mzuri upo, dada. Ogopa vitu viwili, ya wizi na iliyooza. Ya wizi: CRiS ipo tangu 1992, unalipa ada ndogo unaangalia namba ile ya 17 kama imeripotiwa kuibiwa au ina deni, na umwone muuzaji nyumbani kwake, si kwenye maegesho ya supamaketi. Kama namba za madirishani zimekwanguliwa, hakuna mazungumzo hapo. Hilo la namba lifanyeni kabla hamjatoa hata paundi moja ya amana.

Iliyooza inataka pua na dole gumba. Ingia mlango ukiwa umefungwa muda mrefu, ukisikia harufu ya nguo zilizokaa unyevu, anza kutafuta. Pembe za mbele chini ya madirisha, ndani ya makabati ya juu kwenye kona, kuzunguka kidirisha cha darini. Bonyeza. Ukuta mzima ni mgumu, uliooza unabonyea kama mkate wa kumimina. Azima au nunua kipimo cha unyevu, chini ya asilimia 15 sawa, 15 hadi 20 uwe na wasiwasi, juu ya 20 aitwe fundi kabla ya hela. Na ukikuta karatasi za ukutani mpya kona moja tu ya karavani yote, muulize kwa nini.